Fuwele ya Kwanza

Kazini walimwita Dada Matone, na jina lenyewe halikumkera. Wenzake wote mle maabara walikuwa na kazi za kujidai mbele ya wageni. Huyu anasoma jeni, yule ana mashine inayozunguka mpaka meza zinatetemeka. Yeye kazi yake ilikuwa kudondosha matone. Tone dogo la protini juu ya kioo chembamba, tone la maji ya chumvi juu yake, kisha kioo kinageuzwa kifudifudi juu ya kishimo cha trei ya plastiki, grisi pembeni isipite hewa, basi. Unaifungia trei kwenye kabati la ubaridi unakwenda zako. Maji yanapungua humo taratibu, na kama protini imependa, maana ina maringo kuliko bi harusi, inajipanga yenyewe safu kwa safu mpaka inageuka fuwele, kipande kidogo chenye pembe kinachong'aa chini ya hadubini. Fuwele hiyo ndiyo inayopigwa eksirei, na kutokana na eksirei hizo watu wa hesabu hulichora umbo la protini lilivyo, juu, chini na ubavuni. Kama haikupenda, unapata vumbi.

Dada Matone alikuwa amepata vumbi kwa miaka. Mwingine angekwisha omba kazi ya kukaa dawatini. Lakini protini ile kwake haikuwa ya mtu baki, ilikuwa ugomvi wa nyumbani.

Alikuwa na mdogo wake wa kiume, fundi viatu, ambaye mtaa mzima ulimwita Friji. Tangu azaliwe hakuwahi kupata homa. Mtu akiambiwa hivyo husema, bahati iliyoje! Haikuwa bahati hata kidogo. Alikuwa akiugua kama watoto wengine, tena kuwazidi, ila mwili wake haukusema. Sikio linaoza kwa ndani, paji la uso baridi. Pafu limejaa, mtoto yuko uani anafukuzana na wenzake. Mama yao, mshona nguo, alikwisha kumzika kifungua mimba wake kwa namna hiyohiyo, mtoto ambaye kila aliyemgusa alisema huyu hana kitu, amechoka tu. Kwa hiyo kwa huyu wa mwisho alijifunza dalili zake mwenyewe. Akiacha chakula, ana jambo. Akiacha mzaha, mkimbizeni hospitali.

Na mzaha ulikuwa haumtoki. Kibandani kwake, katikati ya soli na makopo ya gundi, alikuwa na kiti kimoja cha wateja ambacho mguu wake mmoja ulikuwa mfupi, na alikataa kukitengeneza. Alisema mteja akikaa raha hatalipia, atahamia.

Walikuwa watu wazima wote wawili ndipo daktari alipopata jina la ugonjwa wenyewe. Wakati huo Dada Matone alikuwa akipima damu na mikojo kwenye hospitali ya karibu. Damu ya mdogo wake ilipelekwa kwenye taasisi kubwa, jibu likarudi, na daktari, mama mmoja mtu mzima asiye na maneno mengi, akawakalisha na kuwaeleza. Kwenye ukuta wa seli za ulinzi, alisema, kuna vipokezi. Kila kipokezi ni kama bawabu aliyesimama ukutani, nusu nje, nusu ndani. Ile nusu ya nje inanusa vijidudu. Nusu ya ndani ndiyo inayopeleka habari: ikishtuliwa, inashikana na protini jirani, jirani naye anamshika mwenziwe, habari inafika, na mwili wote unaamka na homa yake na uvimbe wake na maumivu yake. Kwa Friji, ile nusu ya ndani ilikuwa na kasoro ndogo. Haikushika.

"Kwa hiyo bawabu anamwona mwizi," Friji akasema, "anafungua mdomo, sauti haitoki."

"Ndivyo."

"Mshahara anachukua lakini?"

Daktari alicheka bila kutaka. Dada yake hakucheka, kwa sababu alikuwa amekwisha kushika neno moja la mwisho katika maelezo ya daktari, kwamba hakuna aliyewahi kuliona umbo la nusu ile ya ndani, na kwamba lingeonekana, wataalamu wangejua pa kushika. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameacha kazi ya hospitali na kuomba kazi kwenye taasisi ileile, kitengo kilekile kilichoipima damu ya mdogo wake. Mkuu wa kitengo, ambaye wote walimwita Profesa, alimuuliza kwa nini anataka kudondosha matone. Akasema ana mkono uliotulia. Ilikuwa kweli, ila haikuwa sababu.

Profesa hakuwa tapeli. Nataka hilo lieleweke, maana watu wakifikwa na msiba hutafuta wa kumnyooshea kidole, na msomi aliye na miwani ni rahisi kunyooshewa. Kila mgeni aliyekuja alimwambia jambo lilelile: umbo ni mwanzo tu, kutoka umbo mpaka kidonge ni miaka kumi, pengine ishirini, pengine kidonge kisiwepo kabisa. Dada Matone aliyasikia maneno hayo mara nyingi hata akawa anaweza kuyasema kabla yake. Ila kuna kusikia na kusikia.

Ikafika siku daktari akamwita Friji peke yake. Kuna njia, akamwambia. Kupandikiza uboho, ule ute wa ndani ya mifupa unaozaa seli za ulinzi. Uboho wa dada yake ulikuwa umepimwa, na ulimfaa kama kiatu cha kupimiwa mguuni. Hospitali kuu ina nafasi msimu huu. Ila atalazwa muda mrefu, uboho wake wa zamani utauawa kwa dawa kali kwanza, na wapo walioingia kwenye chumba kile wakatoka kwa mlango mwingine. Akitaka, ajibu mapema, wanaosubiri ni wengi.

Friji aliomba siku chache. Alirudi kibandani, akamngoja dada yake atoke kazini, akamkalisha kwenye kiti cha mguu mfupi.

"Dada, nikuulize, na unijibu kama dada, si kama mtu wa maabara. Hicho kitu chako kinakaribia, au ndio hadithi za kila siku?"

"Mbona leo?"

Akamweleza yote. Alipofika kwenye ile dawa kali, mkono wake ulikuwa ukizungusha kisigino cha mtu bila kukitazama.

"Unaogopa," dada yake akamwambia.

"Sana. Mimi nimezoea kuugua bila kujua. Huko nitaugua nikijua." Kisha akaongeza, "Mama asiambiwe kwanza. Presha itampanda bure. Tukishaamua ndio tumwambie."

Dada yake akakubali. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo waliijua wote wawili tangu utotoni, ila kila mtu huamini methali zimetungwa kwa ajili ya majirani. Wakakubaliana asimjibu daktari mpaka trei mpya zifunguliwe. Dada Matone alikuwa ametengeneza protini upya, safi kuliko zote zilizotangulia, na matone yake yalikuwa kabatini yakisubiri.

Trei ya kwanza, vumbi. Ya pili, vumbi, na ukungu kwenye pembe. Kwenye ya tatu alivuta hadubini, akapita tone hili na lile, akarudi nyuma. Lilikuwemo. Fuwele moja, peke yake katikati ya tone, pembe kali, pande zimenyooka, inang'aa rangi zote mtu alipozungusha taa. Alisimama. Akakaa tena. Aliita jina la Profesa kwa sauti ambayo haikuwahi kusikika mle ndani, watu wakadhani kuna moto.

Sasa, watu wa kazi ile wana sheria yao moja, ya zamani, ambayo kila anayeanza hufundishwa siku ya kwanza. Ukiona fuwele, usifurahi. Chukua sindano uichome. Fuwele ya protini ni laini, inabonyea na kumomonyoka kama sabuni iliyolowa. Ikiwa ngumu, ikikataa, ikavunjika kwa mlio mdogo kama chembe ya kioo, basi hiyo si protini, ni chumvi tu ya yale maji imeganda, na wewe rudi kazini. Wengi wamefanya karamu kwa ajili ya chumvi. Dada Matone mwenyewe alikuwa amewafundisha wageni wengi sheria ile, tena kwa ukali.

Lakini ilikuwa moja. Ukiichoma, imekwisha. Alishika sindano, akaishusha mpaka karibu na tone, akaona ncha yake imetetemeka, yeye wa mkono uliotulia.

"Ukiitoboa hiyo nakufukuza kazi," Profesa akasema nyuma yake, na alikuwa anacheka na macho yamemlowa. "Igandishe. Tuipeleke kwenye mashine kubwa. Eksirei ndiyo itakayosema."

Mashine kubwa ilikuwa mbali, na foleni yake haikuwa ya mchezo. Fuwele ikagandishwa, ikafungwa, ikaenda kungoja zamu yake. Dada Matone alitoka mapema siku ile. Alipita mtaani kwa mwendo wa mtu aliyetumwa, watu wanamsalimu naye anaitikia asijue ameitikia nani, mpaka kibandani. Mdogo wake alipomwona usoni aliweka nyundo chini.

"Tumeipata," akasema.

"Kweli?"

"Nimeiona kwa macho yangu. Ina pembe kama, ah, sijui nikwambie kama nini. Tumeipata!"

Friji aliinuka akamkumbatia, na apuroni yake yenye gundi ikamshika dada mtu kifuani, wakacheka kwa kubandukana. Kisha akamuuliza, na safari hii hakuna mzaha hata chembe:

"Kwa hiyo nisubiri?"

"Subiri."

Neno moja tu. Siku hizi akikumbuka huona kwamba angeweza kusema neno jingine kwa pumzi ileile.

Kesho yake Friji alikwenda kwa daktari akamwambia atasubiri. Daktari alimtazama sana, akamuuliza mara mbili, kisha nafasi ile akapewa mtu mwingine aliyekuwa anailia. Nyumbani ikawa furaha isiyo na maelezo. Mama mtu aliwaona watoto wake wanataniana mezani, mmoja anamwita mwenziwe bawabu, akafurahi pamoja nao asijue anafurahia nini. Subira huvuta heri, alisema siku moja akitia uzi kwenye cherehani, akimaanisha mteja wake aliyechelewa kulipa, na wale wawili wakatazamana.

Picha zilirudi. Profesa alimwita ofisini, akafunga mlango kabla Dada Matone hajafika kwenye kiti, ndipo Dada Matone akajua. Kwenye picha ya fuwele ya protini, eksirei huacha madoa mengi sana, madogo, yamesongamana kama mtama uliomwagika. Hii ilikuwa na madoa machache, manene, yaliyoachana. Hakuhitaji kuambiwa. Ilikuwa chumvi.

"Ni kosa langu pia," Profesa akasema.

"Hapana."

"Nilikuzuia."

"Sindano nilikuwa nayo mimi," akasema, akatoka.

Alimkuta Friji amefunga kitambaa kwenye kidole gumba. Sindano ya viatu ilikuwa imemwingia juzi yake. Dada Matone alimwambia moja kwa moja, amesimama, maana aliona akikaa hatasema. Mdogo wake alisikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu.

"Chumvi?"

"Chumvi."

"Dada, nawe! Watu wote husema fundi viatu ndiye muongo. Kumbe wewe ndiye unayetia chumvi."

Alicheka peke yake. Kisha akasema haidhuru, amwambie daktari anakuja, waingize jina lake kwenye foleni upya, na safari hii mama aambiwe, amechoka kumficha. Dada yake aliomba kuona kidole. Kilikuwa na tundu dogo, hakikuvimba, hakikuwa chekundu. Mtu yeyote mwingine angekuwa anapiga kelele. "Hakiumi," Friji akasema. Alipoona kwamba chakula chake cha mchana kilikuwa bado kimefunikwa, hakijaguswa, Dada Matone alimshika mkono, akamnyanyua, na hawakufunga hata kibanda.

Sumu ya kile kidonda ilikuwa imekwisha kuingia kwenye damu. Walimpigania hospitali, na huyo daktari asiye na maneno mengi hakwenda nyumbani kwake. Mama yao aliletwa. Alimshika mwanawe paji la uso, lilikuwa baridi, na yeye peke yake katika chumba kile hakuhitaji kuuliza maana yake. Kwenye korido, akiwa amechoka mpaka hajui amesema nini mbele ya nani, daktari alimwambia Dada Matone, "Nafasi ilikuwepo. Alikuja akaniambia dada yake amemwambia asubiri." Mama mtu alikuwa amekaa benchi palepale. Aligeuza kichwa, akamtazama binti yake, kisha akatazama mbele.

Friji alifariki akiwa hajapata homa maishani mwake.

Baada ya mazishi, mama hakuuliza kitu. Alishona. Cherehani ililia nyumba nzima, nguo za watu zikaisha kabla ya siku walizoahidiwa, na wateja wakashangaa. Yeye na binti yake walikula pamoja, wakafua pamoja, wakaambiana funga mlango na zima taa. Kama angemfokea, Dada Matone angeshukuru. Ukimya ule ulimmaliza. Alilia bafuni, maji yakiwa wazi.

Kazini alirudi, kwa sababu hakujua pa kwenda kwingine. Alikuwa na hasira na ile protini sasa, hasira ya kweli, kama mtu anavyomchukia jirani. Alifikiri kwamba pengine inakataa kujipanga kwa sababu ya mkia wake, kile kipande cha mwisho kisicho na umbo kinachoning'inia kikipepea ovyo. Akaomba ukatwe. Wa jeni wakaukata. Akatengeneza upya, akadondosha upya. Trei za kwanza tu, fuwele zilijaa kwenye kila tone, ndefu, nyembamba, nyingi kupita haja. Alichukua sindano akachoma moja bila kupumua. Ikabonyea. Ikamomonyoka kama sabuni. Aliziba uso kwa mikono yote miwili, na wenzake wakaondoka mmoja mmoja wakamwachia chumba.

Umbo lilipopatikana, Profesa alimpa kiti chake alitazame wa kwanza. Lilikuwa linazunguka polepole kwenye kompyuta. Katikati, tepe tano zimelala ubavu kwa ubavu. Kuzizunguka, mizunguko kama springi. Na upande mmoja kitanzi kimechomoza nje, ndicho kinachomshika jirani. Pale kwenye kitanzi, katika ule mnyororo mrefu wa shanga uliojikunja kuwa protini, ilikuwepo ile shanga moja ambayo kwa mdogo wake ilikuwa imebadilishwa. Watu walipiga makofi. Magazeti yaliandika. Alipomwambia mama yake jioni, kwa kifupi, akitazama sahani, mama aliuliza kwa mara ya kwanza tangu msiba: "Naweza kukiona?"

Alikuja na fimbo yake, amevaa nguo ya kutokea, akapanda ngazi akipumzika kila kituo. Profesa alimsalimu kwa heshima zote, akamsogezea kiti. Dada Matone aliwasha kompyuta, umbo likaanza kuzunguka. Mama aliinama karibu na kioo mpaka pumzi yake ikaacha ukungu.

"Ndicho hiki?"

"Ndicho, mama."

"Na palipokuwa pabovu?"

Alilisimamisha, akaweka kidole juu ya kile kitanzi. "Hapa."

"Hapa tu?"

"Hapa tu."

Mama alipatazama kwa jicho la mshonaji, bila haraka. "Mngekiona mapema, mwanangu angepona?"

Profesa alichukua kikombe chake ambacho kilikuwa kitupu akatoka nje. Dada Matone aliona jinsi uongo ulivyokuwa karibu. Angesema ndiyo, na wangeililia pamoja bahati mbaya.

"Hapana, mama. Kutoka hapa mpaka dawa ni miaka. Kumi, ishirini. Na pengine isipatikane."

"Na siku ile ulipomwambia asubiri, ulikuwa hujui hivyo?"

"Nilikuwa najua."

"Kwa hakika?"

"Nilikuwa najua, mama."

Mama aligeuka kwenye kiti akamtazama usoni. Hakuwa na ukali. Alitaka tu kuelewa, kama mtu anayeuliza njia.

"Sasa kwa nini ulimwambia?"

Alitafuta sababu, na alikuwa na muda wa kutosha wa kuitafuta, kwa kuwa mama yake hakumharakisha. Angesema alimwonea huruma. Angesema alimwona anaogopa. Yote hayo yalikuwa na ukweli kidogo.

"Nilikuwa na furaha," akasema. "Nilikuwa na furaha tu, mama."

 Mama aliligeukia tena lile umbo, akalitazama mpaka likamaliza mzunguko wake mzima, kisha akamwomba alizime.